Mlandege wanauza filamu za dunia nzima, isipokuwa zetu

Wenzangu, leo nina dukuduku na nisipolitoa litanikaa rohoni. Kila yakizuka mazungumzo ya filamu hapa mjini, iwe barazani Jaws Corner au ndani ya daladala, lazima atokee mtu aseme, "Tatizo letu sisi vifaa." Mwengine ataongeza, "Wenzetu Wahindi wana pesa." Wa tatu, huyu kwa sauti ya uchamungu, atamalizia, "Na dini yetu hairuhusu." Basi, kesi imefungwa, kahawa inaongezwa, na usiku ule ule wote watatu wanarudi majumbani kwao kutazama tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili.

Mie nasema sababu zote tatu ni uongo. Si uongo wa makusudi, lakini ni uongo. Na ubaya wake ni kwamba unatufanya tuangalie pasipo. Tunaangalia kamera, tunaangalia waigizaji, tunaangalia Serikali, wakati jibu liko Mlandege pale, hatua chache kutoka Darajani, baina ya maduka ya simu na maduka ya nguo.

Tuanze na Nigeria, maana ndiyo kila mtu anaitaja na wachache wanaijua. Shirika la UNESCO lilipotoa hesabu zake za filamu mwaka 2009, takwimu za mwaka 2006 zilionesha India imetoa filamu 1,091, Nigeria 872, na Marekani yenyewe, hiyo Hollywood yao, 485. Nigeria! Nchi ambayo umeme wake unakatika kuliko wetu. Watu wakataharuki, wakaanza kuuliza Wanigeria wamepata wapi kamera, wamesomea skuli gani. Swali silo hilo. Swali ni nani alitoa pesa.

Aliyetoa pesa ni muuza duka. Kenneth Nnebue alikuwa mfanyabiashara wa Kiigbo akijishughulisha na vifaa vya umeme na kanda za video. Inasimuliwa kwamba alikuwa na shehena ya kanda tupu na hazitoki, akaona njia ya kuzitoa ni kuzitia kitu ndani. Mwaka 1992 akatoa Living in Bondage, hadithi ya mtu anayemtoa mkewe kafara ili apate utajiri, na wanaigiza kwa Kiigbo, lugha ya wanunuzi wake. Haikuoneshwa kwenye tamasha lolote Ulaya. Iliuzwa sokoni, kanda moja moja, mkono kwa mkono. Baada ya hapo wafanyabiashara wa Idumota kule Lagos na wa Onitsha wakaona kumbe kanda yenye kitu ndani inauzika kuliko kanda tupu. Kilichofuata tunakijua. Hata jina Nollywood lilikuja miaka kumi baadaye, gazeti la Marekani ndilo lililolitia mdomoni mwa watu mwaka 2002. Wenyewe walikuwa hawana jina, walikuwa na mauzo.

Sasa rudini Mlandege. Mtaa huu una nini ambacho Idumota ilikuwa nacho na sisi tumekikosa? Una maduka. Una mzigo unaoingia kutoka Dubai na Guangzhou. Una wateja kutoka Makunduchi hadi Nungwi, na Wapemba wanaoshuka melini na orodha mkononi. Na kwa miaka mingi mtaa huu na vichochoro vya Darajani vimeuza filamu: kwanza kanda, baadae VCD, baadae DVD zenye filamu kumi ndani ya sahani moja, halafu ikawa unapeleka flashi yako unajaziwa. Zilikuwa za nani hizo filamu? Za Wahindi, za Wanigeria, za Wakorea, za Wamarekani na za Wachina wa kung fu. Mfanyabiashara wetu amegusa kila filamu ya dunia hii. Alichokuwa hagusi ni filamu ambayo yeye mwenyewe ametoa pesa itengenezwe.

Nilimuuliza mmoja wao, mzee wa makamo, mtu wa heshima zake, sitamtaja. Nikamwambia, "Mzee wangu, hukuwahi kufikiria kutoa mtaji kijana akakutengenezea yako?" Akacheka, akasema, "Mwanangu, ya Mhindi naipata bure, yako nitailipia nini?" Sikumjibu pale pale kwa adabu tu. Nitamjibu hapa.

Mzee wangu, wenzako wa Kano nao walikuwa wakiipata bure ya Mhindi. Kano, kaskazini ya Nigeria, ni mji ambao Mzanzibari akishushwa usiku asubuhi atajihisi kwao: Waislamu, wafanyabiashara tangu enzi za misafara, kanzu na kofia, na mapenzi ya filamu za Kihindi yasiyo na tiba. Vijana wa Kano waliimba nyimbo za Kihindi bila ya kujua maana yake, kama mama zetu hapa walivyoziimba za Awara na Mother India. Mtaalamu mmoja, Brian Larkin, amechunguza jambo hili kwa miaka na alichokiona ni hiki: wale wale waliokuwa wakidurufu filamu za Kihindi na za Kimarekani kinyume cha sheria, mitambo yao ile ile, maduka yao yale yale, wateja wao wale wale, ndio waliogeuka kuwa wasambazaji wa filamu za Kihausa. Filamu ya kwanza ya video ya Kihausa, Turmin Danya, ilitoka mwaka 1990. Miaka miwili kabla ya Nnebue! Na jina Kannywood lilitangulia jina Nollywood.

Walifanya vipi mapenzi ya Mhindi yakawa mtaji wa Muhausa? Waliona mteja anataka nyimbo, machozi, mapenzi yanayozuiliwa na wazazi, heshima ya familia. Wakampa vyote hivyo kwa lugha yake, na mtandio kichwani. Mhindi akawa mwalimu. Sisi Mhindi tumemfanya mgeni wa kudumu, tunamlisha na yeye hatufundishi kitu.

Na hapo ndipo hoja ya dini inapovunjika. Kano ilianzisha sharia mwaka 2000 na filamu zikapigwa marufuku kwa muda. Watengenezaji na wauzaji wakaenda kujadiliana na Serikali ya jimbo, na mwaka 2001 ikaundwa bodi ya ukaguzi, filamu zikarejea. Mwaka 2007 ikatokea kashfa ya video ya faragha ya mwigizaji mmoja, shughuli zikasimama tena kwa miezi, watu wakakamatwa. Sisemi ilikuwa pepo, baadhi ya waliyofanyiwa wasanii wale yalikuwa dhulma tupu. Lakini tasnia haikufa, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na watu wenye maduka, wenye wafanyakazi, wenye sauti. Msanii peke yake akifungiwa anakwenda kulala. Mfanyabiashara mwenye mzigo dukani akifungiwa anakwenda kugonga mlango wa mkubwa. Na Iran je? Abbas Kiarostami alichukua Palme d'Or ya Cannes mwaka 1997, Asghar Farhadi akachukua Oscar mwaka 2012 na tena 2017, chini ya ukaguzi ambao Baraza letu la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni haliufikii hata robo. Kwa hivyo tuache kuitwika dini uvivu wetu.

Wengine watasema, "Mbona Dar walikuwa na wafanyabiashara na Bongo Movie imeyumba?" Swali zuri, na nalijibu kwa uchungu maana nilikuwa mshabiki. Girlfriend ya George Tyson ilipotoka mwaka 2003, Kariakoo ilifanya hasa kile ninachokililia hapa: matajiri wakaweka pesa, sahani zikasambazwa mpaka vijijini, Kongo, Burundi, Rwanda. Steven Kanumba akaenda mbali zaidi. Badala ya kuwalaani Wanigeria aliwaendea, akacheza nao Dar 2 Lagos mwaka 2006 na Mercy Johnson. Huyo kijana alielewa ushindani. Alipofariki tarehe 7 Aprili 2012 Dar ilisimama.

Lakini mkataba ulikuwa mbovu. Msanii aliuza filamu yake kwa mkupuo, haki zote, pesa moja, kwaheri. Ikiuza nakala elfu moja au laki moja, kwake ni mamoja. Sasa mtu anayelipwa kwa kila kichwa cha filamu na si kwa kila mteja atafanya nini? Atatoa vichwa vingi! Ndipo zikaja zile "Part 1" na "Part 2", hadithi ya saa moja inavutwa saa tatu, mtu anateremka ngazi dakika nne, gari inaingia getini, inapaki, mlango unafunguliwa, unafungwa... Mnazikumbuka. Mtazamaji akachoka. Wasanii wakaandamana Kariakoo Aprili 2017 kupinga filamu za nje zinazouzwa kiholela, na nilikuwa nikiwaonea huruma, lakini moyoni nikisema jamani, mteja hakuibiwa na Mkorea, mteja alikimbia ngazi.

Kwa hivyo tajiri peke yake hatoshi. Anatakiwa tajiri anayegawana na msanii kwa kila nakala au kwa kila tiketi. Tazameni Uganda. Nabwana I.G.G. wa mtaa wa Wakaliga, Kampala, alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa pesa ambayo hapa hainunui hata simu ya maana, inatajwa kuwa chini ya dola 200. Waigizaji wake wenyewe walivaa mavazi ya filamu wakazunguka mitaani kuuza DVD na kuchukua fungu lao. Dunia inaicheka na kuipenda ile filamu kwa damu zake za kondomu na helikopta za kompyuta. Mie ninachokiheshimu ni ile DVD mkononi mwa mwigizaji. Yeye anajua nani kanunua na nani kakataa na kwa nini.

Kenya sitakaa sana. Wana wataalamu, wana wafadhili, wana Nairobi Half Life ya 2012 na Rafiki ya 2018, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes, iliyopigwa marufuku kwao wenyewe. Filamu nzuri, nimezipenda. Ila mwananchi wa kawaida wa Kenya kwa miaka mingi alikuwa kwenye kibanda akimsikiliza DJ Afro akisimulia filamu ya Kichina kwa Kiswahili cha mtaani. Huyo DJ, kama marehemu Lufufu wetu wa Tanzania, aligundua jambo ambalo wenye digrii za sinema walilipuuza. Mtu analipa ili asikie lugha yake. Picha iwe ya Hong Kong, sawa, lakini maneno yawe yake.

Wageni wamelielewa hili mapema. Wachina waliiingiza tamthilia ya Doudou na mama wakwe zake TBC mwaka 2011 ikiwa imetiwa Kiswahili, taifa zima likakaa kitako. Waturuki wakafuata kupitia Azam. UNESCO inasema wasemaji wa Kiswahili wamepita milioni 200. Na Kiswahili gani kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu? Hiki cha Unguja, mnachokizungumza hapo mlipo. Ndiyo bidhaa pekee ambayo hatuagizi Dubai, na tumeiacha wengine waipakie kwenye picha zao na kutuuzia.

Msiniambie sisi wadogo, watu milioni 1.89 kwa sensa ya 2022. Kwanza soko letu si Unguja na Pemba, ni Mombasa, Lamu, Dar, Bujumbura, Goma, na ndugu zetu Maskati ambao wana pesa na wana hamu. Pili, udogo! Januari 2024 timu ya Mlandege iliifunga Simba 1-0 fainali ya Kombe la Mapinduzi, ikalibeba kwa mwaka wa pili mfululizo. Bajeti ya Simba na ya Mlandege mnazijua.

Sasa tuje kwenye jambo litakalonigombanisha na marafiki. Tunalo tamasha, ZIFF, lililoanzishwa 1997, tamasha lake la kwanza 1998. Ngome Kongwe inajaa, Jahazi la Dhahabu linatolewa, wageni wanafurahi. Nalipenda, nimejifunza mengi pale. Lakini tamasha ni maonesho, si duka. Muandishi wa habari mwenzangu mmoja kila mwaka huandika kwamba ZIFF "imeinua tasnia ya filamu Zanzibar". Tasnia ipi, ndugu yangu? Filamu inaoneshwa usiku mmoja chini ya nyota, watu wanapiga makofi, kesho yake mtu wa Kwahani akiitaka hajui aipate wapi. Cannes ina nguvu kwa sababu nyuma yake kuna Ufaransa ambayo tangu miaka ya 1940 inakata sehemu ya kila tiketi ya sinema, hata tiketi ya filamu ya Marekani, na kuipeleka kwenye mfuko wa kutengeneza filamu za Kifaransa. Korea ya Kusini kwa miongo kadhaa ilizilazimisha kumbi kuonesha filamu za Kikorea siku 146 kwa mwaka, na hata walipozipunguza hadi 73 mwaka 2006, watengenezaji waliandamana barabarani. Halafu tunashangaa Parasite kuchukua Oscar mwaka 2020, kama kwamba imedondoka kutoka mbinguni.

Na sisi tulikuwa na kumbi. Majestic pale Vuga, iliyojengwa upya miaka ya 1950 baada ya Royal kuungua. Empire. Cine Afrique, ambayo wazee wanaijua kwa jina la Sultana. Laura Fair ameandika kitabu kizima mwaka 2018 kuhusu watu wa pwani na sinema zao, anaeleza jinsi tiketi za Jumapili zilivyokuwa zikigombaniwa na kulanguliwa. Watu wetu, maskini na matajiri, walikuwa WAKILIPA. Tabia ya kulipia sinema si ngeni hapa, ilikuwa mila ya mji. Kumbi zikafa, tukabaki na flashi.

Chukueni mfano wa Vuta N'kuvute. Riwaya ya Adam Shafi, Mzanzibari. Hadithi ya Unguja ya miaka ya 1950, imepigwa picha hapa hapa, kwa Kiswahili chetu. Amil Shivji akaipeleka Toronto mwaka 2021, ikachukua tuzo kubwa ya Carthage, Tunisia, mwaka 2022. Mie naiona ni filamu bora iliyowahi kutoka nchi hii. Muulize kijana wa Mlandege anayeuza mikoba kama ameiona. Yasmin na Denge wametembea vichochoro vyake mwenyewe, na yeye hajawaona. Si kosa la mtengenezaji, kafanya kazi yake. Kilichokosekana ni yule mtu wa katikati, mwenye duka, mwenye karadha, mwenye gari ya kupeleka mzigo shamba.

Hao wanaosubiri Netflix na Amazon waje watuokoe nao wasome habari. Amazon ilifunga mlango wa filamu mpya za Afrika Januari 2024, siku moja tu, kwa barua. Mwezi mmoja kabla yake Funke Akindele wa Nigeria alikuwa ametoa A Tribe Called Judah, ikavuka naira bilioni moja kwenye kumbi za kwao, ya kwanza ya Nollywood kufika hapo. Naira za Wanigeria, mlangoni, tiketi kwa tiketi. Huyo akifungiwa na Amazon atauliza, "Amazon ndiyo nani?"

Wanaopendekeza tuwe pahala pa kupigia picha filamu za wageni nao siwaelewi vizuri. Hoteli zitafaidi, madereva watafaidi, sikatai. Lakini kukodisha mandhari ni kazi ya mwenye nyumba, si ya msanii. Tumeshakuwa picha ya ukutani ya dunia vya kutosha: ufukwe, mlango wa nakshi, paka.

Haya, mzee wangu wa Mlandege, jibu lako ni hili. Ya Mhindi unaipata bure, ndiyo, na jirani yako anaipata bure, na yule wa mbele yake, na kijana mwenye simu anaipata bure bila kuja kwako. Ndiyo maana biashara ya flashi inakufia mkononi. Kitu ambacho kila mtu anacho hakina faida. Filamu ambayo wewe na wenzako mmeitolea pesa hakuna anayeipata popote mpaka mseme. Mkijikusanya maduka 20, kila mmoja milioni moja na nusu, mna milioni 30, pesa ambayo wengine wenu mnaipoteza kwenye kontena moja la viatu visivyotoka. Mwandikieni kijana mkataba wa kugawana kwa kila anayelipa, si mkupuo wa Kariakoo. Hadithi zipo, hamna haja ya kutunga mtu kateremka ngazi. Muhammed Said Abdulla alituachia Bwana Msa, mpelelezi wa Kiunguja mwenye kiko chake, na mie macho yangu sijawahi kumuona akitembea kwenye skrini.

Na wakati mnaujua kuliko mimi. Wahindi wanamtoa Salman Khan siku ya Idi. Wamisri wanatoa filamu zao siku ya Idi. Kumi la mwisho la Ramadhani Mlandege hapapitiki, mji mzima uko pale na pesa mkononi, nguo za watoto, viatu, mapazia. Siku nne za sikukuu watu wanatoka na hawajui waende wapi baada ya Mnazi Mmoja na Kariakoo ya watoto. Kodini ukumbi wa skuli, wekeni skrini na viti, akina mama upande wao kama watapenda, tiketi elfu tatu, halafu ipandeni meli ile filamu iende Wete na Mkoani, na wiki ya pili Mombasa. Ndani ya Shawwal mtakuwa mnajua kama mmepata au mmekula hasara, na mkila hasara njooni mnitafute barazani mnisute.